Tarakimu ya Kumi na Saba

Mashine tatu juu ya meza moja, Limbani, Wete.
Kompyuta ya zamani, feni yake inakohoa.
Simu ya mdogo wangu Shaame, kioo ufa juu ya ufa.
Na kibao cha kijani kisicho hata kasha,
nimekiegemeza kwenye kopo la mdalasini.

Nikaziuliza swali moja, logi ya namba moja,
zikajibu pamoja, tarakimu kwa tarakimu,
kumi na sita, bega kwa bega,
hakuna iliyotangulia kurukuu.
Kwenye ya kumi na saba
simu ikasema nne.
Mbili nyingine: sita.

"Nani ataiona hiyo?" Shaame akauliza,
anataka simu yake, kuna mpira Gombani.
"Hata dhahabu haipimwi hivyo."

Sikumjibu. Nilikumbuka jiwe la kilo,
chuma cheusi chenye kishikio,
baba alipokuwa karani wa mizani kituo cha karafuu.
Kila asubuhi, kabla gunia la kwanza halijashushwa,
aliliweka sahanini mbele ya wenye magunia
akasubiri mshale utulie.
Siku moja haukutulia mahali pake.
Alifunga mlango hadi adhuhuri,
watu wakimtukania mama na bibi yake,
yeye na bisibisi, jasho puani,
anatafuta gramu mbili ambazo hakuna aliyezidai.

Nilianza kwa kuwaamini wengi, kama kila mtu.
Mbili zimesema sita; simu ndiyo yenye kosa.
Nikapekua mahesabu yake nusu ya usiku,
nikitafuta dhambi ya mwenye kioo kilichopasuka.

Umeme ukakatika saa saba. Ukarudi saa tisa.
Ndipo nikaendesha ile programu ya kobe,
isiyojua haraka, itoayo tarakimu sitini,
na jibu likajitokeza pale lilipokuwa siku zote:
baina ya nne na sita,
karibu katikati kabisa,
likielemea nne
kwa unywele uliopasuliwa mara elfu.

Simu ilikuwa sawa.
Inazidisha na kujumlisha kwa pumzi moja,
inakata mara moja tu, mwishoni.
Wenzake huzidisha, hukata; hujumlisha, hukata tena,
na kila kukata kuna makombo yadondokayo sakafuni,
na sakafu hiyo niliiandika mimi,
mstari wa mia mbili na kumi na mbili,
mwaka nilioposwa, na haraka zangu.

Nimeufuta. Namba nimeigawa kichwa na mkia,
mkia nikaubeba pembeni, mstari hadi mstari,
kama mtu aliyeshika chenji ya mwenzake
asiichanganye na yake.
Nne. Nne. Nne.

Majaribio mengine elfu tisa yamepita.
Moja limegoma: kosini, kwenye kibao cha kijani.

Shaame ameamka. "Mbili kwa moja," anasema,
hata sikumuuliza. Anachukua simu yake,
anaifuta kwa shati, anaiangalia kama mtoto aliyerudi chuoni
na hakuna anayemwambia amefanya nini.

Jiwe la kilo liko juu ya karatasi zangu,
linazuia upepo wa feni.
Hata lenyewe, nadhani, limepungua.
Limepita mikono mingi.