Mizani Tupu

Mchana nakagua mizani Soko la Mgandini.
Kabla ya nyama, kabla ya dagaa, nasema:
ondoa vyote, sahani ibaki tupu.
Mshale usiporudi kwenye sifuri
hapo ndipo uongo unapoanzia,
si kwenye nyama.
Singano wa bucha hanipendi kwa hilo.

Usiku, juu ya paa, Barabara ya Kumi na Tano,
kamera ya darubini nayo naiambia: nionyeshe utupu wako.
Naiziba kwa mfuniko, nalipiga picha giza,
dakika mbili mbili, mara ishirini,
nayo, imefumbwa macho, inaniletea vitone vya nuru
visivyotoka popote
ila kwenye joto lake yenyewe, joto la Tanga la Februari
lisilolala.
Navihesabu. Vyote nitavitoa
kama karatasi ya kufungia itolewavyo kwenye uzito.

Jioni ilikuwa zamu ya weupe.
Jua limekwisha, nyota hazijaja,
mdomo wa darubini uvikwe nguo isiyo na doa.
Nyumba nzima nguo hiyo ni moja,
kanzu ya Mbwana,
na saa hiyo hiyo muadhini anaanza.
"Mwanakombo, kanzu!"
"Picha nne tu."
Akaenda msikitini na shati la drafti, amenuna.
Kanzu ikanifichulia pete tatu za kijivu,
vumbi la saruji lililotua kwenye kioo,
na pembe ya kushoto inayoona hafifu
kama jicho langu la upande huo.

Sasa nyota. Jina lake silijui, nina namba.
Kando yake nimeweka jiwe la mizani:
nyota jirani, usiku thelathini na nne haijanigeuka.
Umande wa chumvi ukipita, zinafifia pamoja, sina neno.
Lakini leo jiwe liko pale pale
na yangu imepungua.

Narudia. Natoa giza, nagawa kwa weupe.
Kosa nalitafuta kwangu kwanza,
kwenye vidole, kwenye waya, kwenye usingizi.
Silipati.

Mbwana anapanda na chai ya mchaichai,
kanzu mwilini, kifuani ina mkunjo wa duara.
"Imepungua kiasi gani?"
"Fungu moja katika kumi."
Anakalia ndoo, anatazama juu
kwa uso wa mteja aliyepunjwa.
"Na nani kalichukua?"

Fomu yangu ina kisanduku cha kiasi, cha saa, cha sahihi.
Nakunywa chai.