Vigingi

Mwaka juzi, Jumatatu, kaskazini mwa Jutland,
muziki ulikwishaondoka na malori yake.
Shambani kwa Gudrun Overgaard mahema mia tatu
yalilala chali kama walevi wasio na wa kuwaamsha.

Hakusema kitu. Aliokota.
Kikombe, kikombe, soksi moja, kikombe.
Jenereta bado lilinuka dizeli kando ya zizi.

Mwezi wa kumi, Stjerne, ng'ombe wake wa maziwa,
alimeza kigingi cha hema pamoja na majani.
Daktari alikitoa kwa kisu
kwenye mwili uliokwisha kupoa.

"Tukulipe fidia?" waliuliza vijana wa kamati.
"Nileteeni sinki," akasema.

Basi mwaka huu zipo sinki kumi na mbili za bati,
na vikombe vya amana: rudisha chako, chukua krona zako.
Mpwa wake Asger anaosha huku analalamika.
Betri zimeshika nafasi ya jenereta;
Jumamosi zikaisha, gitaa likakatika katikati,
na watu elfu mbili, kimya, jua likigoma kuzama,
wakasikia ng'ombe wakicheua ng'ambo ya ua.

Langoni Gudrun alisimama na ndoo ya vigingi alivyookota.
Kila mgeni kimoja, baridi, chenye kutu.
"Nitakidai Jumapili."
Hakueleza kwa nini.

Leo Jumatatu amehesabu mara mbili.
Vyote vimo ndooni, ila kimoja.

Amepiga magoti kwenye umande,
anapapasa majani, unyasi kwa unyasi.
Zizi halifunguliwi.