Milioni Tatu za Ramani

Kijana wa duka la magari pale Mafiati
alifuta kioo kwa leso yake mwenyewe,
akasema, Mama Tulinagwe, hii haili bando,
inaongea na setilaiti moja kwa moja.
Milioni tatu tu, juu ya bei.
Alisema "tu" kama mtu anayeongeza chumvi.

Nikawaza, ni magunia mangapi ya viazi?
Nikahesabu kwa bei ya Machi, moyo ukashuka.
Nikahesabu kwa bei ya Desemba, ukapanda kidogo.
Simu yangu ina ramani, tena ya bure,
ila huko juu mtandao unakufa,
ramani inaganda kama mafuta ya ng'ombe
kwenye bakuli la jana.

Twende tukaijaribu, nikasema.

Uyole iliijua. Igurusi iliijua.
Chimala ikatamka, kwa sauti ya binti wa shule za kulipia:
"Pinda kulia."
Zile kona hamsini na saba za kupandia Matamba
ilizichora moja moja, bila kuruka,
na ukungu uliposhuka, bonde likafutika upande wangu,
nilitazama ule uzi wa buluu, sikutazama nje,
nikamkumbuka Ambakisye, na Fuso lake,
na mwezi wa nne ule nisiopenda kuutaja.
Kwa kona ile moja ningelipa hata tano.

Kisha tukaacha barabara kubwa, tukashika njia ya shambani,
na kioo kikawa cheupe.
Hakuna kijito. Hakuna kanisa la bati, wala mashamba ya pareto.
Gari letu, kishale kidogo, linaelea
kama nzi kwenye uji.
"Umetoka nje ya njia," binti akasema. "Geuka urudi."
Kijana akaona haya kwa niaba yake.

Hapa, nikamwambia, wao ndio wanilipe mimi.
Niwaoneshe daraja lililokwenda na maji,
na mlango wa Subilaga anayeuza dizeli usiku, lita moja moja.
Hiyo nayo ni milioni ngapi?
Akacheka. Akapunguza laki sita.

Nililipa. Usiniulize kama nilifanya vyema.
Turubai la mzigo bado ni lile lenye matundu.
Na kila nikikaribia nyumbani
binti ananihimiza nigeuke, nigeuke,
ndipo ninapojua nimefika:
nazima injini, ananyamaza katikati ya neno,
na mbwa wanakuja.