Kioo cha Pejo

Jiwe lilirushwa na lori la shaba
njia ya Likasi, mwaka niliomaliza shule ya msingi.
Baba hakusimama. Alisema tu, "Aha,"
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni,
na ufa ukaanza safari
kutoka kona ya chini, upande wa usukani,
kidole kwa kidole, masika kwa masika,
hadi ukafika pale macho yake yalipokaa.

Mama akamwambia: usipoziba ufa...
Hakumalizia. Methali zake hukatikia njiani.
"Huu ni wa kioo," Baba akajibu,
"ukuta tutajenga siku tukipata saruji."
Akajifunza kuinamisha kichwa kulia kidogo,
na miaka kumi na tisa akaendesha hivyo,
kama anayetegea sikio siri ya abiria.

Leo Pejo ni yangu, rangi ya chai ya maziwa,
imeegeshwa Katuba, uani kwa Fundi Mwilambwe.
Kioo kingine kimetoka Kipushi,
kwenye gari lililokufa, kuku wanataga vitini.
Mjane wa mwenye gari aliniuzia kioo peke yake.
Taa alikataa.
"Macho yake niachie," akasema.
Nikakifunga kwa blanketi na godoro la mtoto,
nikakaa nacho nyuma ya pikapu, nimekikumbatia
kila shimo, na mashimo ya njia ile hayana haya.

Fundi anakata mpira mzee kwa kisu cha jikoni.
Unatoka vipande vipande, mkavu kama ngozi ya ngoma.
Ndani ya mfereji wake: vumbi jekundu,
bawa la kumbikumbi, ua la jakaranda lililogeuka chai,
na karatasi iliyokunjwa mara nane.
Kumbe mvua alikuwa akiizuia na hii.
Naikunjua. Ni bahasha ya mshahara wa mgodini.
Jina limebaki, Ngoie Banze, kwa wino wa mashine.
Tarakimu zimeliwa na maji,
au hazikuwahi kuwamo; mwaka ule
watu walipokea bahasha.

Sasa kamba.
Fundi anaizungusha ndani ya mdomo wa mpira mpya,
anapaka povu la sabuni ya mche, ncha mbili ananipa mimi.
"Wewe ndani. Vuta. Polepole, hung'oi jino."
Yeye nje anapiga kioo kwa kiganja,
pa, pa, pa,
kama anayembeulisha mtoto.
Navuta, na mpira unapanda juu ya bati,
unauma, unatulia, unauma tena.
Kona ya chini, upande wa usukani, unagoma.
Fundi anatukana kwa Kiluba,
kisha anamwomba Mungu radhi kwa Kifaransa.
Kabulo, kijana wake, amebana pumzi, mashavu yamejaa.
Kamba inanikata kidole.
Halafu: tup.

Hakuna anayeshangilia. Kabulo anafuta povu,
na chini ya povu unaonekana mwezi nusu,
mkwaruzo wa waipa ya mtu mwingine,
mvua za Kipushi nisizozijua.
"Huo hautoki," Fundi anasema. Sawa. Usitoke.

Tunarudi jioni, Mama kando yangu.
Bomba la moshi, ambalo utotoni lilikuwa mawili,
moja huku ya ufa, moja kule,
limesimama moja, tena jembamba kuliko nilivyodhani.
Kila bango linasomeka. Hata bei.
Kioo cha zamani kiko nyuma, ndani ya blanketi lile lile.
Mama ndiye aliyesema kipakiwe; sababu hakuitoa.

Karibu na soko la Kenya ananitazama.
"Shingo inakuuma?"
"Hapana."
Naiweka sawa.
Kwenye kona inayofuata, imerudi kulia.