Saini

Ukurasa wa kumi na saba, safu ya nne:
kutia sindano ya mshipa, mara kumi, mbele ya msimamizi.
Msimamizi ni mimi,
Mize Kombo, wadi ya wanaume, Wete.

Usiku ule walikuwa thelathini na wanne
juu ya vitanda ishirini na sita,
wengine wawili wawili, kichwa kwa miguu.
Msimu wa karafuu, na mkarafuu hauna huruma:
mmoja kavunjika nyonga,
mmoja hajui jina lake,
mmoja anauliza kama gunia lake limeshapimwa.
Glavu zimebaki nusu boksi.
Nilizihesabu kama mwanamke anavyohesabu deni la Ramadhani.

Raya Shaame, mwaka wa pili,
sare imepigwa pasi hadi inakata,
alikuja na daftari kifuani kama msahafu.
Chuoni, akanambia, wako sitini kwa mdoli mmoja.
Mdoli ana mkono wa mpira na mshipa wa mrija,
umetobolewa mpaka unavuja wenyewe;
yeyote akichoma, anapata.
"Tena mdoli, Sista, hasemi uchungu."

Mtihani wao ni kwa Kiingereza.
Kila mshipa anaujua kwa jina
ambalo mzee Makame wa Kojani hajalisikia hata ndotoni,
na mzee akilalama, "Mwanangu, chanikata huku,"
Raya hupekua kurasa
kutafuta Kiingereza cha "huku".

"Nisimamie, Sista. Nichome mmoja tu."
Nikasema ngoja.
Nikaenda kumgeuza yule wa nyonga.
Nikabadilisha dripu tatu.
Umeme ukakatika, nikaandika ripoti kwa tochi ya simu,
simu yenyewe chaji asilimia sita.
Nikasema ngoja.
Nikamfumba macho asiyejua jina lake,
nikatafuta shuka safi, sikupata,
nikamfunika kanga ya mkewe.
Sikusema tena ngoja. Hakuuliza tena.
Adhana ya alfajiri ikatukuta kizingitini,
yeye na daftari, mimi na viatu mkononi.

Mara kumi. Sikuiona hata moja.
Nikatia saini zote kumi,
ya saba wino ukakatika,
nikaazima kalamu yake.
Akasema ahsante.
Hakunitazama.

Mwaka huu, Mfunguo Sita, nikaanguka mimi:
homa, matapishi, presha imezama.
Wakanilaza chumba cha pili kutoka kilipo kiti changu.
Akaja muuguzi mpya na trei,
kitambulisho bado kina nailoni yake.
Akafunga mpira, akapapasa, akapapasa.
Mara ya kwanza mshipa ukakimbia.
Mara ya pili ukapasuka.
Jasho likamtona puani, likaangukia kiganjani mwangu,
na mimi si mdoli,
nilisema uchungu.

Nilikuwa nayo maneno machache tu:
shusha pembe, mwanangu,
vuta ngozi kwa kidole gumba,
usivamie kama mwizi, ingia kwa hodi.
Maneno ya nusu dakika.
Usiku ule nilikuwa nayo pia,
nikayatia mfukoni pamoja na glavu za akiba.

Nikayasema.
Akashusha pembe.
Damu ikachungulia kwenye kichupa, nyekundu, tulivu,
naye akavuta pumzi aliyoizuia, naona, tangu mwaka wa pili.
"Hii umeiona, Sista?"
Nikamwambia nimeiona.

Mkono uliiva zambarau siku tisa.
Faki, mume wangu, akaniuliza barazani
ni nani huyo aliyenitoboa hivi,
na nani kampa cheti.
Nikavuta mkono wa buibui ukafika kidoleni.
Muache mtoto wa watu, nikamwambia.
Huu ni mwandiko wangu.