Mshale Uelekee Chini

Fundi Ndoro wa Mwembe Tayari
alinitajia elfu nne na mia tano
na hajafungua hata mlango.
"Filta ya ndani, mama, ni kazi ya kuvunja dashibodi."
Nikamtazama mikono: safi.
Nikamwambia nitarudi, kwa sauti ile
ambayo sote wawili twaijua maana yake.

Dukani, hatua ishirini kutoka kwake,
filta yenyewe mia nane.
Nyeupe, marinda marinda kama sketi ya shule,
nyepesi hata nikahisi nimeuziwa hewa.

Jumapili, Tudor. Gari nimelisogeza
kwenye kivuli cha ukuta wa jirani,
milango yote minne wazi.
Jasho la Februari halingoji mtu aanze kazi.
Zuena ameshika simu animulikie;
ndiye aliyenituma, yeye na chafya zake:
saba kutoka nyumbani hadi Makupa,
na kufika Changamwe
nilikuwa nimeacha kuhesabu.

Droo ya dashibodi kwanza naitoa yaliyo yangu:
risiti za petroli, kalamu iliyokauka,
stika ya bima ya mwaka juzi,
hereni moja.
(Ya pili niliitupa, kwa hasira ya kuipoteza hii.)
Kisha naibana mbavu zake mbili,
taratibu, kama umvuavyo mtoto fulana yenye shingo finyu,
nayo yashuka, yaning'inia mdomo wazi.
Ndiyo hiyo dashibodi ya kuvunjwa.
Dakika moja. Bila bisibisi.

Nyuma yake, kifuniko chembamba.
Nakivuta. Hakitaki.
Nakivuta kwa bismillahi.

Lahaula.
Kilichotoka si filta, ni jaa lililokunjwa.
Vumbi la saruji, hili nalijua, la barabara ya Mazeras;
masizi ya malori yapangayo foleni ya bandari;
mbawa za mende; unywele;
mchanga wa Nyali, ambako sikwenda kuogelea,
nilikwenda kudai changu.
Miaka sita yangu imelala humo kwa mafungu.

"Mama, ndoo uone."

Ndani ya rinda la tisa, jani.
Si la mwarobaini, si la mkungu,
si la mti wowote wa mtaa huu.
Dogo, rangi ya kutu, vidole saba,
kama kiganja cha kichanga kilichotiwa hina.
Na ubavuni mwa fremu, maandishi ya Kijapani,
na tarehe, kwa kalamu ya mkono:
mwaka ambao Zuena hajazaliwa.

Kumbe haijapata kubadilishwa.
Kumbe tangu gari lishuke melini
navuta pumzi kupitia majira ya mtu nisiyemjua,
aliyeegesha chini ya mti wake,
akaandika tarehe kwa mwandiko wa mtu makini
akidhani atakuwepo kuisoma.

"Mti gani huu?"
"Sijui."
"Waota wapi?"
"Mbali. Kwa mwenye gari."
"Kwani si gari letu?"

Nikatia filta mpya nisijibu.
Nikaitia kichwa chini. Naam.
Mshale upo, mshale niliuona,
nikadhani waonyesha juu ni wapi,
kumbe waonyesha hewa iendako.
Shebwana jirani, aliyekuwa akisugua pikipiki
saa nzima bila neno, akasema:
"Mshale uelekee chini."
Akarudi kwenye rimu zake.
Nikatoa, nikageuza, nikatia.
Droo ikakubali: tak.

Tukapandisha vioo, kiyoyozi namba nne,
tukakaa tukingoja harufu.
Si ya soksi, si ya moshi, si ya mvua iliyochacha.
Hewa baridi isiyo na la kusema.
Zuena akavuta, akangoja, pua ameikunja,
akapiga chafya moja.
"Hiyo ya zamani," akasema. "Ilikuwa imebaki."

Jani amelibana kitabuni, kwenye hesabu za kugawanya.

Usiku, taa zimezimwa, nikakumbuka:
tarehe sikuandika.
Nikashuka ngazi na kanga yangu na kalamu inayoandika,
nikabana mbavu mbili gizani.
Mikono ishajua.