Siku ya Tatu, Highgate

Mwanangu Salha amelipia siku tatu,
ghorofa ya tano, juu kabisa ya kilima cha Highgate,
nyumba nyeupe yenye mabega ya mraba.
Mlangoni tumepokewa na karatasi:
msisogeze kiti cha mbao zilizopindwa kwa mvuke,
msitue kikombe cha moto mezani,
msianike nguo roshani.
Kwetu mgeni huanza kwa kupewa maji.

"Mama, hii ni historia," ananong'ona,
kama tumeingia msikitini na viatu.
Anapapasa swichi nyeusi, mviringo kama kifungo cha koti.
Ananionyesha kabati lililozaliwa pamoja na ukuta,
dirisha la chuma linalokunjwa kama barua,
tundu la kupitishia sahani toka jikoni
ili wanaokula waione mikono ya mpishi
wasimwone mpishi.
Jiko lenyewe upana wa mkeka.
Aliyelichora, nasema, hajawahi kukuna nazi.
Salha hacheki. Haya ndiyo anayoyasomea,
ada nimeilipa kwa vitumbua na kwa shamba la Pongwe.

Wataalamu, anasema, waliukwangua ukuta kwa wembe,
tabaka kumi na moja za rangi,
mpaka wakaifikia ya kwanza:
maziwa yaliyodondoshewa chai.
Nikanyamaza.
Rangi hiyo naijua.

Upanga, Nyumba za Msajili, ngazi ya tatu.
Zege lilelile, roshani ileile yenye kona ya duara,
kabati la ukutani ambalo mlango wake
baba yako aliugeuza ubao wa kukatia nyama.
Sisi hatukukwangua. Tulipaka juu.
Buluu, mwaka aliozaliwa kaka yako.
Kijani iliyobaki duka la ushirika.
Waridi, kwa arusi ya Mashavu, mkono mmoja tu,
buluu ikachungulia chini yake kama shimizi.
Tabaka ngapi pale? Nani alihesabu?
Siku moja likaja greda asubuhi,
na kufika adhuhuri, mwanangu, palikuwa na mbingu
pale nilipokuwa nikitundika chandarua.

Usiku wa kwanza sikulala.
Bomba la joto lilikohoa ukutani
kama mpangaji anayedaiwa.
Usiku wa pili Salha akaniuliza, taa imezimwa,
ukuta wetu ulikuwa mnene kiasi gani.
Nikampimia mkononi mwake:
shibiri moja, na vidole viwili.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hapa jembe hakuna wa kukupa,
nimelitafuta mwenyewe.
Nimeitia bawaba ya dirisha tone la mafuta ya nazi,
haya haya ya nywele zangu, ikaacha kulia.
Nimefuta masizi ya London kwenye kizingiti
na kitambaa kikatoka cheusi, historia tupu.
Kisha nikafua kanga yangu kwenye beseni la kunawia
nikaianika roshani,
maandishi yake yakitazama mtaa usioyajua.
Karatasi nimeisoma. Nimeielewa vizuri.

Chini, Bi Doreen mtunza jengo
amesimama na toroli la majani makavu, ameinua uso.
Nikasubiri nigombezwe.
Akaitazama kanga, akalitazama wingu,
akakinga kiganja, akanionyesha:
mvua hiyo, dada.
Akaenda zake na toroli.

Salha ameamka, nywele timtim, daftari mkononi.
Nilidhani atachora dirisha.
Amekaa sakafuni, kiti cha mvuke amekiacha mahali pake,
ameuliza, "Roshani yenu ilitazama wapi?"
Bahari?
Hata. Ilitazama jiko la mama yake Mashavu,
futi nane kutoka kwetu, alfajiri mpaka usiku.
Penseli imesimama hewani.
Anza na moshi, nimemwambia.
Ukuta utakuja.